Walioshika Kamba Hawakuandikwa Majina

Ipo kasumba isiyokuja na bunduki wala mkataba wa kuuza ardhi. Huja jioni, taa zikiwa zimezimwa, mwananchi akiwa amekaa kwa utulivu pamoja na watoto wake, nayo huitwa burudani. Kwa kuwa huitwa burudani, watu huipokea bila kuihoji, kama mtu anavyopokea kikombe cha maji nyumbani kwa rafiki. Hapana budi ihojiwe.

Mfano ulio karibu kabisa na Watanzania ni filamu ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili: "Hatari!" Filamu hiyo iliongozwa na Howard Hawks, na mhusika wake mkuu aliigizwa na John Wayne, mmoja wa waigizaji mashuhuri kabisa wa Marekani wa wakati huo. Inasimulia habari za kundi la wageni wanaokamata wanyama wa porini wakiwa hai ili kuwauza kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Mbio zake, vumbi lake, mlima wake na wanyama wake vilipigwa picha Tanganyika, Momella chini ya Mlima Meru na katika nyika za kaskazini, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi miezi ya mwanzo ya mwaka 1961.

Tangu hapo umezuka mtindo wa kusimulia siri za utengenezaji wa filamu hiyo, na wasimulizi husimulia kwa fahari. Husema kwamba waigizaji walikamata wanyama kwa mikono yao wenyewe, bila watu wa kuwawakilisha katika vitendo vya hatari. Husema kwamba Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya gari, mkononi ameshika mti mrefu wenye kitanzi, gari likikimbizana na kifaru katika mashimo na vichuguu. Husema kwamba kifaru mmoja aliponyoka kweli, akakamatwa tena kweli, na mwongozaji akaiacha picha hiyo kama ilivyo. Husema kwamba sauti nyingi za mapambano hayo zilirekodiwa upya baadaye, kwa sababu Wayne alikuwa akitukana ovyo alipokuwa akipambana na mnyama. Husema pia kwamba Hawks alikuja Afrika bila mchezo uliokamilika, kwa hoja kwamba hakuna mwandishi awezaye kumwandikia kifaru atakalofanya. Mwandishi Leigh Brackett akaiunganisha hadithi kwa kufuata picha za ukamataji zilizokwisha kupigwa.

Mambo hayo yana ukweli wake, na ukweli hauogopwi. Ilikuwa kazi ya ushupavu. Mpiga picha wake, Russell Harlan, alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na muziki wa Henry Mancini, hasa ule wa vitoto vya tembo vikienda kuoga, unajulikana hadi leo hata kwa watu ambao hawajapata kuiona filamu yenyewe. Tena Hawks anastahili sifa moja: wakati studio nyingi za Hollywood zilijenga Afrika ya mbao na majani ya karatasi huko California, yeye alivuka bahari akaja kupiga picha mahali penyewe.

Lakini swali ambalo wasimulizi hawaliulizi ni hili: katika kazi hiyo yote, nani alishika kamba?

Mwenye macho haambiwi tazama. Katika karibu kila tukio la kukamata mnyama, Wayne anapokwisha kutupa kitanzi, wanaonekana wanaume Waafrika wakiruka kutoka kwenye magari, wakiishika kamba, wakimzunguka mnyama, wakimshika mkia, wakimfunga miguu na kumwingiza ndani ya kreti. Hapo hakuna uigizaji. Pembe ya kifaru haikuwa ya kuigiza, na teke la twiga halikuwa la kuigiza. Ikiwa ushujaa wa filamu hiyo ni kwamba watu walikabili wanyama kwa kweli, basi ushujaa huo walikuwa nao watu hawa kwa kiwango kilekile, na walikuwa nao bila kiti wala mshahara wa nyota wa sinema. Hata hivyo bango la filamu liliandikwa majina ya Wayne wa Marekani, Hardy Krüger wa Ujerumani, Elsa Martinelli wa Italia, Gérard Blain wa Ufaransa na wenzao. Ulimwengu mzima ulikusanywa katika kambi ile ya Momella, isipokuwa mwenye Momella.

Katika hadithi yenyewe mambo ni hayo hayo. Kila mgeni ana habari zake: huyu ana huzuni ya mapenzi ya zamani, yule ana wivu, mwingine ana woga anaouficha kwa mzaha. Mwafrika hana nyumba, hana mke, hana deni, hana ndoto. Yupo kuendesha gari, kupika na kuleta chai. Kilele cha jambo hili ni pale Waarusha wanapompokea mwanamke wa Kitaliano na kumpa jina, "Mama Tembo." Wenye nchi wanatoa jina; mgeni anaondoka nalo; nao waliolitoa wanabaki bila majina. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa uhusiano kati ya mkoloni na mtawaliwa, na aliyeutoa mfano huo ni mtengenezaji wa filamu mwenyewe, bila kukusudia.

Wapo watakaosema kwamba wakati ule haikuwezekana kuwa vinginevyo, eti Mwafrika wa Tanganyika hakuijua sinema. Dai hilo ni la uongo, na ushahidi wa kuliangusha umo katika historia ya uongozi wa Taifa hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya serikali ya kikoloni, zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa lugha ya Kiswahili, waigizaji wakiwa Waafrika. Mojawapo iliitwa "Muhogo Mchungu." Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyekuja kuitwa Simba wa Vita, na mnamo Januari 1962 ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Watumishi wa umma na walimu na wautafakari mwaka huo. Mwaka 1962, Tanganyika iliongozwa na Waziri Mkuu aliyekuwa mwigizaji wa sinema kabla hajawa mwanasiasa. Mwaka huohuo, majumba ya sinema ya Marekani na Ulaya yalionyesha filamu yenye jina la Kiswahili ambamo mtu wa nchi hiyo hakuonekana kustahili zaidi ya kushika kamba na kunyamaza. Hata tarehe za upigaji picha zinashangaza. TANU ilikuwa imeshinda viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa mwaka 1960. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuunda serikali mwezi Septemba mwaka huo. Madaraka ya ndani yalikuwa yakaribia, yakaja Mei 1961, na uhuru ukafuata tarehe 9 Desemba. Taifa lilikuwa likizaliwa mbele ya kamera, na kamera ilikuwa ikimtazama kifaru.

Kasumba hii haikuanzia Hollywood. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Zilitengenezwa filamu fupi 35, juu ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, na sauti zake zilirekodiwa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Waafrika waliigiza na kufanya kazi za mikono. Mawazo yalikuwa ya wengine. Baadaye kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1939, kilifuata nadharia kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha za haraka, na kwamba lazima apigiwe filamu nyepesi na za taratibu kama za mtoto mdogo. Nadharia hiyo na filamu ya "Hatari!" ni ndugu wa baba mmoja. Ya kwanza ilisema Mwafrika hawezi kuielewa hadithi; ya pili ikaonyesha kwamba hana hadithi.

Je, ni kweli kwamba Momella haikuwa na hadithi? Jirani kabisa na mahali zilipopigwa picha hizo ipo Ngare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwafukuza kutoka huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakuinua mikuki. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuishitaki dola ya Uingereza. Mtu kutoka miteremko ya Meru alivuka bahari kwenda kudai shamba la wazazi wake katika baraza la dunia nzima: ikiwa hilo si tukio la kusisimua, neno "kusisimua" halina maana. Habari hiyo ilikuwa ya miaka tisa tu nyuma wakati magari ya Hawks yalipofika. Wenyewe walikuwapo, moshi bado ukiwa katika kumbukumbu zao. Kamera zilipita juu ya ardhi hiyo kwa kasi, zikimfukuza pundamilia.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawks alikuwa mfanyabiashara wa sinema kutoka Marekani, akatengeneza hadithi ya kuwafurahisha Wamarekani, wala hakuna sababu ya kumlaumu mgeni kwa kutoimba wimbo wa mwenyeji. Lawama kubwa zaidi inamhusu mwenyeji aliyesoma, mwenye cheti na ofisi, ambaye hata leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, anaposimulia habari za filamu hiyo husimulia jinsi Wayne alivyokuwa shupavu, wala hajapata kujiuliza habari za mzee wa kijiji cha jirani aliyeshika mguu wa kifaru huyohuyo. Huyo ndiye mtumwa wa fikra. Minyororo yake haionekani kwa sababu ameivaa kama saa ya mkononi.

Hoja inayoletwa kuitetea kasumba hiyo ni ya utalii. Inasemwa kwamba filamu hiyo iliitangaza nchi, kwamba watu walipata vibarua, kwamba Hardy Krüger alipendezwa na Momella hata akanunua shamba na kuishi hapo kwa miaka mingi, na kwamba mpaka leo ipo loji yenye jina la filamu hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo ni ya kweli, na hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayeukataa utalii. Ila ni lazima kupima kilichotangazwa. "Hatari!" ilitangaza nchi yenye wanyama na isiyo na watu. Ilitangaza kwamba mnyama wa Tanganyika ni mali ya yeyote mwenye gari la kasi na mteja wa ng'ambo. Katika filamu hiyo kuna maagizo ya wateja, lakini hakuna mahali ambapo mtu anauliza idhini ya mwananchi.

Wazo hilo lina madhara, na madhara yake yameonekana nje ya majumba ya sinema. Mwezi Novemba 1960 kamera zilikuwa zikijiandaa kupiga picha za wanyama wakipakiwa kwenye makreti. Mwezi Novemba 2010, miaka 50 kamili baadaye, wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwamo, walitoroshwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Uwanja huo hauko mbali na Momella. Haisemwi hapa kwamba walanguzi wale walifundishwa na sinema. Walanguzi wana mwalimu wao, ambaye ni tamaa. Kinachosemwa ni kwamba jamii iliyozoeshwa kuona twiga akipakiwa huku muziki mtamu unapigwa, itachelewa kupiga kelele siku twiga atakapopakiwa usiku bila muziki. Wananchi walipiga kelele, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje.

Taifa halikukaa bure. Mwezi Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza msimamo kwamba wanyamapori ni amana ambayo Waafrika wenyewe wanabeba wajibu wa kuitunza. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Mweka, na tangu hapo vijana wa Kiafrika wamejifunza kuwa wahifadhi na wataalamu, kazi ambazo katika filamu zilikuwa za wageni peke yao. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Mwaka 1976 Bunge lilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4. "Arusi ya Mariamu" ya miaka ya 1980 ilisimulia habari za mwanamke na mganga wa jadi kwa jicho la mtu anayewafahamu. "Maangamizi" ya mwaka 2001 na "Vuta N'kuvute" ya mwaka 2021 zilifika hatua ya kuiwakilisha Tanzania kwenye mchujo wa tuzo za Oscar. Na mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya "Royal Tour," ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alimtembeza mtangazaji wa Kimarekani nchini. Hapo mwenye nyumba ndiye aliyeshika tochi na mgeni akafuata. Tofauti ya picha hiyo na ile ya mwaka 1962 ni kubwa kama tofauti ya usiku na mchana.

Hata hivyo, hatua zilizopigwa zisiwe mto wa kulalia. Kamera nyingi kubwa zinazoingia hifadhini bado zinatoka nje, na hadithi nyingi bado zinaandikwa huko zinakotoka kamera. Ndipo wajibu wa msomaji wa ukurasa huu unapoanza.

Mtumishi wa umma anayeshughulikia kibali cha kupiga picha asikione kibali kuwa stakabadhi ya malipo. Sheria imempa mamlaka, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliyaongezea nguvu kwa kuwataka wageni wakabidhi nakala ya kazi zao. Basi na aulize mambo matatu kabla ya kugonga mhuri. Je, kila Mtanzania atakayefanya kazi, awe dereva, mfuatiliaji wa nyayo au mpishi, ataandikwa jina mwishoni mwa filamu, jina kamili na si "wenyeji mbalimbali"? Je, vijana wa Kitanzania watakaa kwenye kamera, kwenye sauti na kwenye meza ya kuhariri, ama watabeba masanduku tu? Je, mchezo umesomwa na mtu anayeijua sehemu inayosimuliwa? Mgeni mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Atakayekasirika amejitambulisha.

Mwalimu naye ana kazi ambayo haihitaji bajeti. Wanafunzi wake wanatazama filamu za kigeni kila siku, tena sasa wanazitazama kwenye simu za mkononi. Kuwakataza hakufai na hakuwezekani. Awafundishe kutazama. Awaambie wahesabu ni Waafrika wangapi wenye majina katika hadithi, ni wangapi wanaozungumza zaidi ya sentensi mbili, na ni nani anayeamua jambo. Awape wanafunzi wa kidato cha tatu "Hatari!" pamoja na habari za Ngare Nanyuki, kisha awaulize ipi kati ya hizo mbili ni filamu ambayo haijatengenezwa. Somo la historia litakuwa hai siku hiyo.

Iko pia kazi isiyoweza kungoja. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipoishika ile kamba mwaka 1960, leo amepita miaka 80. Wengi wao wamekwisha kufariki. Waliobaki, kama wapo, wako Ngare Nanyuki, Leguruki, Usa River na Arusha, wamekaa nje ya nyumba za watoto wao, na hakuna aliyepata kuwauliza. Maofisa utamaduni wa wilaya, walimu wa shule za huko na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za tasnifu na waende wakawaulize sasa: nani alikuwapo, alifanya kazi gani, alilipwa kiasi gani, nani aliumia, wageni waliwaita kwa majina gani, na majina yao hasa ni yapi. Wayaandike kwa herufi kubwa. Karatasi na kalamu vinatosha kuanza.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Watu wale walicheza kwao, mbele ya mlima wao, pamoja na wanyama wa nchi yao, na ngoma yao ikaonwa na dunia nzima. Tuzo haijatolewa. Hollywood haidaiwi tena, maana mdaiwa huyo amekwisha kuondoka na faida yake. Wanaodaiwa ni Watanzania wenye kalamu, na deni lenyewe ni dogo mno kiasi kwamba kutolilipa ni aibu: ni orodha ya majina.